Geuza Upande wa Pili

Swali la nani alikuwa bora, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz au Mbaraka yuleyule wa Super Volcano, limekaa kwenye benchi la karakana yangu miaka mingi, na wenye kulijibu bado hawajachoka. Mimi ni fundi redio hapa Ifakara. Kazi inayoniweka mjini siku hizi ni spika za sherehe, sola na simu zilizoingia maji. Lakini Jumamosi jioni, mashine za kukoboa mpunga zikishazimwa na vumbi la pumba likatulia, naitoa mashine ya santuri chini ya meza, na wazee wanafika mmoja mmoja. Yuko dereva mstaafu wa kiwanda cha sukari kule Kidatu. Yuko muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache. Yuko na mama mmoja aliyeuza samaki Kivukoni, hukuhuku kwetu, tangu enzi za pantoni, kabla daraja halijajengwa, na huyo akifungua mdomo kuhusu bendi ya Cuban Marimba sisi wengine tunanyamaza.

Kwa msomaji ambaye majina haya ni mageni: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944 na akakulia mkoa huuhuu wa Morogoro. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, bendi kongwe iliyokwisha kuwa na jina. Akawa mwimbaji wake, mtunzi wake na mpiga gitaa la solo. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, na wimbo wa safari ile ukatoka. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa na akafariki akiwa na umri wa miaka 34. Kazi yote tunayoibishania ilifanywa ndani ya miaka isiyozidi kumi na minne.

Ubishi wetu si wa kupoteza muda. Anayeitetea Morogoro Jazz hana budi kuleta santuri, kuiweka, na kutuonyesha kwa sauti anachokisema. Dereva huleta ule wimbo wa maombolezo ya Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa sikukuu ya Krismasi mwaka 1971. Iringa iko upande wa pili wa milima hii ya Udzungwa tunayoiona kila asubuhi, na habari ile ilitingisha bonde letu lote. Dereva husema gitaa la wimbo ule halijionyeshi, linamsindikiza marehemu tu. Muuguzi humjibu kwa "Shida" ya Super Volcano, na hapo hata mpita njia husimama.

Halafu kuna jambo ambalo vijana waliozoea muziki wa simu hawalijui, nalo ndilo kiini cha ubishi wote. Santuri ndogo, ile ya inchi saba, huzunguka mara 45 kwa dakika, na upande wake mmoja hubeba dakika tatu hadi tano hivi za muziki. Wimbo wa dansi haukutungwa kwa kipimo hicho. Ukumbini ulianza na mashairi, kiitikio, mashairi tena, kisha gitaa la solo likashika njia yake na wachezaji wakajaa uwanjani, na ungeweza kwenda dakika kumi na tano bila mtu kulalamika. Kwenye santuri iliwabidi waukate. Sehemu ya kwanza ikakaa upande huu, sehemu ya pili upande ule. Nyimbo nyingi upande wa kwanza huishia pale gitaa linapoanza kusema, kama mtu aliyekatwa neno mdomoni. Unainua mkono wa sindano, unageuza sahani, unasubiri ule mchakacho wa vumbi mwanzoni mwa mfereji, ndipo muziki unaendelea.

Mimi nashikilia kwamba kipaji cha Mbaraka kinapimwa upande wa pili. Upande wa kwanza ni wa redio na wa mashairi. Upande wa pili maneno yamekwisha. Hapo gitaa la solo hurudia kifungu kimoja mara kadhaa, hukibadilisha kidogo, hukirudia tena, huku gitaa la pili na besi vikikaa palepale bila kutikisika, na saksafoni zikiingia kujibu. Mtu asiyesikiliza husema ni kilekile. Msikilize tena. Kila duru kuna noti moja iliyohamishwa, na noti hiyo hiyo moja ndiyo inayomnyanyua mtu kitini.

Nimejaliwa kusikia pia muziki wa roki wa Ulaya uliosumbuka na tatizo hilohilo la urefu. Ni ule ambao wapenzi wake huuita progresivu. Pink Floyd walitoa albamu ya Meddle mwaka 1971, na wimbo mmoja tu, "Echoes", ukajaza upande mzima, dakika zaidi ya ishirini. Mwaka uliofuata bendi ya Yes ikafanya vivyo hivyo na "Close to the Edge". Wao walikuwa na santuri kubwa ya inchi 12 izungukayo mara 33 na kidogo kwa dakika, wakaijaza kwa makusudi, wakapanga nyimbo zifuatane kama sura za kitabu. Mashabiki wao hadi leo wanabishana juu ya chapa ya kwanza na chapa ya pili, sauti ya ile na sauti ya hii. Nilipojifunza hayo niliwaambia wazee wangu kwamba hatuko peke yetu duniani. Tofauti ni kwamba wenzetu walipewa sahani kubwa. Sisi tulipewa ndogo, tukaipasua safari yetu vipande viwili.

Kwa nini ndogo? Kwa sababu ndiyo iliyouzika. Mkulima wa mpunga aliyeuza magunia yake aliweza kununua santuri mbili tatu za inchi saba na betri za mashine. Na kwa sababu uamuzi haukufanyika Morogoro. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zile zikapigwa hewani nchi nzima, lakini dukani hazikuuzwa. Ili wimbo uwe santuri, bendi ilifunga safari kwenda Nairobi, kwenye studio na viwanda vya kampuni, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo, ikarudi. Ndiyo maana santuri nyingi za Mbaraka zina nembo ya Polydor na namba zinazoanza na herufi POL. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, santuri mpya zikawa adimu huku kwetu. Kwa hiyo wimbo uleule unaweza kuwa na maisha mawili: ule wa redio, uliorekodiwa Dar es Salaam, na ule wa santuri, uliorekodiwa Nairobi. Mzee anaposema "hivi sivyo ulivyokuwa", usimkatalie haraka. Huenda anaukumbuka ule mwingine.

Albamu zilikuja baadaye. Baada ya kifo cha Mbaraka nyimbo zake zilikusanywa kwenye santuri kubwa na kaseti zilizopewa jina la "Ukumbusho", juzuu kwa juzuu. Nazipenda, zimeokoa mengi. Lakini si albamu kwa maana ya Pink Floyd, kwa sababu aliyezipanga nyimbo zile hakuwa Mbaraka. Mpangilio wa kweli ulikuwa wa mwenye santuri mwenyewe, aliyekuwa na rundo lake ndani ya sanduku na akajua baada ya hii wageni watataka ipi.

Yule mama wa Kivukoni hana habari na rundo la Mbaraka. Yeye ni wa Salum Abdallah, na kila mara hutukumbusha kwamba bila Salum kusingekuwa na Mbaraka. Ana hoja. Salum Abdallah, mtoto wa Morogoro aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa kwanza shabiki wa santuri. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba, na kijana huyo zikamwingia. Inasimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akidhamiria kufika Kuba, akaishia Mombasa. Mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Nyimbo zake zikatolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa, naye akafa kwa ajali ya barabarani Novemba 1965. Juma Kilaza akaishika bendi. Kwa hiyo mji mmoja wa Morogoro ulikuwa na Cuban Marimba na Morogoro Jazz kwa wakati mmoja, na watu walikuwa na upande kama ilivyo kwa Simba na Yanga. Mama huyu bado ana upande.

Baadhi ya sahani zake ni zile nzito za zamani zizungukazo mara 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu, si plastiki. Zikianguka zinavunjika. Ukizifuta kwa spiriti zinayeyuka. Nalirudia kila mahali kwa sababu nimeona watu wenye nia njema wakifanya hivyo: sahani ya 78 haipakwi spiriti. Ioshe kwa maji safi yenye sabuni kidogo sana, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mfereji, na karatasi ya katikati isilowe. Hizi za plastiki nazo zina adui zake katika bonde letu. Jua linazikunja. Unyevu wa masika unaleta ukungu kwenye majalada, na mto Lumemo ukipanda mjini, kilicho sakafuni ndicho kinachokwenda kwanza. Zisimamishe wima juu ya rafu, usizilaze zikabebana.

Kuna jioni moja ubishi ulifika mahali pa watu kutaka kuondoka. Dereva alidai kwamba kwenye santuri fulani anayeimba si Mbaraka, sauti ni nzito mno. Muuguzi akaapa ni yeye. Nikakata kipande cha karatasi, nikakibandika ukingoni mwa sahani, nikamwomba mama ashike saa na mimi nikahesabu mizunguko. Ilipofika dakika, hazikutimia 45. Betri zilikuwa zimechoka, mashine inakwenda polepole, na sauti ya mtu imeshuka pamoja nayo. Nikaweka betri mpya. Mbaraka akarudi.

"Ndiye," dereva akasema, na hakuongeza neno.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni kumbukumbu ngapi za muziki wetu vijijini zilijengwa juu ya betri zilizochoka. Bonde hili lina bwawa la Kidatu, linalopeleka umeme Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, lakini mashine nyingi za santuri nilizoletewa kutengeneza zilikuwa za betri, maana wenyewe walikaa mbali na nguzo. Vijana wa enzi zile walicheza dansi kwa mwendo ambao bendi yenyewe haikuujua.

Reli nayo ilileta mambo yake. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, inapita katikati ya bonde: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba, kisha inapanda milima kuelekea Makambako, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam inaishia Kapiri Mposhi, Zambia. Kaka yangu alifanya kazi kwenye reli hiyo. Safari moja alirudi na santuri kubwa ya bendi ya Zambia iitwayo WITCH, albamu ya Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Tuliiweka tukitegemea rumba. Lililotoka lilikuwa gitaa lililokwaruza, ngoma za roki, na kijana anayeimba Kiingereza. Mimi nilikuwa bado mdogo, na sauti ile ilinishika hadi leo. Nadhani ndiyo iliyonifanya nifungue redio ya baba kuona ndani kuna nini.

Wazambia hao walikuwa na roki yao wenyewe. Rais Kaunda aliagiza redio yao ipige kwa sehemu kubwa muziki wa nyumbani, asilimia 95 ndiyo inayotajwa, na miji ya machimbo ya shaba ilikuwa na vijana wenye magitaa ya umeme na mishahara ya wazazi. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, alipewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Tofauti na sisi, wao walitoa albamu hasa, za santuri kubwa, wakaanza mapema miaka ya 1970. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, uchumi ukayumba, na bendi nyingi zikafifia. Miongo mitatu na ushei baadaye wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wakazigundua sahani zile, zikachapwa upya, na Jagari akiwa mzee akarudi jukwaani Ulaya, hadi mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango.

Wazee wa benchi langu hawakuipenda roki hiyo, na sikuwalazimisha. Lakini nilipowasikilizisha Patrick Balisidya, mlango ulifunguka kidogo. Balisidya, mtu wa Dodoma, aliongoza Afro 70, bendi iliyovuma miaka ya 1970 kwa nyimbo kama "Harusi". Mwishoni mwa muongo huo alikwenda Sweden na kurekodi albamu na Archimedes Badkar, bendi ya Waswidi, wanamuziki waliokuwa na hamu ya muziki wa Afrika na Asia. Albamu inaitwa Bado Kidogo. Hii ndiyo sahani ninayoiwekea hoja yangu. Ndani yake Mtanzania anaimba Kiswahili chake, kwa mtindo wake, na nyuma yake wamo watu waliozoea kuuacha wimbo uende hadi uchoke wenyewe. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nafasi hii aliyopewa huyu, Morogoro Jazz nao wangepewa, leo tungekuwa na nini?" Nami nimekuwa nikilibeba swali hilo. Mbaraka aliyepewa dakika ishirini za upande mzima angezijaza, sina shaka hata chembe.

Siku hizi wanunuzi wanafika mpaka huku. Wengine wanatoka Dar es Salaam, wengine wametumwa na watu wa nje, na Nairobi kwenye soko la Kenyatta kuna kibanda cha santuri ambacho wageni hukitafuta kwa jina. Siwalaumu wauzaji. Santuri moja ikimlipia mjukuu sare ya shule, imefanya kazi njema. Na wakusanyaji wa nje wametusaidia kwa kweli: mikusanyo kama The Tanzania Sound ya mwaka 1987 na Dada Kidawa ya mwaka 1995 ilihifadhi nyimbo ambazo sisi wenyewe tungezipoteza.

Kinachoniuma ni kingine. Shika santuri ya Morogoro Jazz usome karatasi yake. Utaona jina la bendi, jina la wimbo, mtunzi, namba. Basi. Hakuna mwaka. Hakuna jina la mpiga gitaa la pili, wala la besi, wala la waliopuliza saksafoni. Jalada mara nyingi ni karatasi tu yenye tundu katikati. Albamu ya Pink Floyd imeandikwa mpaka jina la fundi mitambo. Yetu, maelezo yake yote yamo vichwani mwa watu kama dereva, muuguzi na mama wa Kivukoni, na hutoka pale tu wanapobishana. Mtu asiyeulizwa hasemi. Akibishiwa, anakumbuka hadi shati alilovaa mpiga ngoma siku ile ukumbini Kidatu, mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa sukari wakiwa wamelipwa.

Kwa hiyo nimeweka daftari kwenye benchi. Kila santuri inayopita mkononi mwangu, hata ikiwa inakwenda kuuzwa kesho, naandika namba iliyo kwenye karatasi na ile iliyokwaruzwa kwenye plastiki karibu na katikati, jina la wimbo pande zote mbili, nani aliinunua na wapi. Kisha naipiga yote, upande wa kwanza na wa pili, mbele ya watu, na kuandika kila mmoja anasema nani anapiga nini. Wakipingana naandika pande zote mbili, jina kwa jina. Naandika pia betri zilikuwa mpya au la.

Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Mlimba alileta sanduku lake. Amepata mnunuzi na bei wamekubaliana. Aliomba tu nizisafishe zing'ae. Nilimwambia, "Mzee wangu, kusafisha ni bure, lakini utakaa hapa mpaka tuzisikilize zote." Akacheka, akaagiza chai. Tulipofika sahani ya nne, upande wa pili, alinyoosha kidole kwenye spika akamtaja mpiga besi kwa jina lake na la baba yake, kijiji alikotoka, na binti aliyemwoa. Dereva akasema hapana, yule aliingia bendi baadaye. Nikafungua ukurasa mpya.